Msomaji wa Jumapili ya Kuvushwa

Wanangu mnaojifunza uinjilisti, kabla hamjafungua kinywa mbele ya watu, jueni kwanza upepo unatoka wapi. Upeni kisogo, nao utaibeba sauti yenu mpaka kwa yule ajuza aliyeketi nyuma kabisa. Mkiukabili uso kwa uso, mtakuwa mnajisomea wenyewe. Msinywe madafu asubuhi ya kusoma. Mimi niliwahi kunywa mawili nyumbani kwa mwenyeji wangu wa Bofu, aliyekuwa mkarimu kupita kiasi, na nilipofika pale Musa anaponyoosha mkono juu ya bahari, nikapiga mbweu moja ambayo watu wa Likoni waliizungumza hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha.

Ninyi leo mna vipaza sauti. Mtu mwenye kifua cha kuku anasoma Kisauni, anasikika mpaka Kongowea. Sisi tulikuwa na mapafu tu. Nasema hivi nikijua kwamba nawaonea wivu, na afadhali mlijue hilo mapema, maana ndilo nitakalolisimulia. Wazee wenzangu wakistaafu husema walifanya kazi kwa upendo, wakaishi kama ndugu. Labda. Mimi niliifanya kazi hii kwa wivu mwingi, na sehemu kubwa ya wivu huo ninayo mpaka leo.

Miaka ya arubaini nilikuwa mwinjilisti katika kanisa dogo la Kisauni. Kwetu ni Rabai, lakini nilikuwa nimehamia Kisauni na mama yangu baada ya baba kufariki. Jumapili asubuhi nilikuwa kanisani, mchana nilitoka kwenda kuhubiri nje. Wiki moja nilikwenda Changamwe kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, wiki nyingine Port Reitz, nyingine Likoni kwenye kivuko. Habari niliyoihubiri kuliko zote ilikuwa ile ya wana wa Israeli kutolewa Misri. Vibarua wa Changamwe hawakuhitaji kuelezwa sana. Ukisema mnyapara wa Farao, walikuwa wanaguna kabla hujamaliza, na kila mmoja alikuwa na sura ya mnyapara wake machoni.

Likoni ndiko nilikojifunza kupima hadithi. Mara ya kwanza nilisimama pale watu wanapongoja feri, nikaanza na mapigo ya Misri. Nilikuwa kijana, nikayapenda mapigo. Nikawaeleza vyura, nikawaeleza chawa, nikawaeleza nzige mguu kwa mguu. Nilipowafikisha Waisraeli ufukweni, bahari mbele na majeshi nyuma, feri ikatia nanga. Watu wote wakainua vikapu vyao wakaingia, nikabaki na Farao na mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye nguzo. Jumapili nyingine nilipokwenda, mama mmoja muuza nazi alikuwa ananisubiri. Akaniuliza kama wale watu walivuka au walishikwa, kwa maana wiki nzima hakupata raha. Tangu siku hiyo, nikihubiri kwenye kivuko, nilianzia ufukweni. Vyura na chawa niliwawekea watu wasio na safari.

Pumzi nilifundishwa na mtu ambaye hakuwa wa dini yangu. Jirani yetu Kisauni alikuwa Maalim Athmani, aliyefundisha watoto Kurani barazani kwake. Jioni nilikuwa nikijizoeza kusoma nyuma ya nyumba, naye ananisikia. Siku moja akaniita, nikamwamkia, akaniketisha.

"Mwalimu, sauti unayo, wallahi," akaniambia. "Lakini wasoma kama mtu afukuzwaye na mbwa. Nabii Musa hakukimbia hivyo."

Akaniwekea kiganja tumboni, akaniambia nivute hewa mpaka kiganja kisogee, kisha nisome huku ninatembea, na nisipumue mpaka maana ya maneno imetua. Ndivyo nilivyopata pumzi yangu. Na huyo naye nilimwonea wivu. Watoto wake walikuwa na vichwa vilivyojaa aya, na wangu wa kanisani walikuwa wakisahau hata amri ile inayowahusu wao, ya kuwaheshimu wazazi.

Lakini huo wote ni wivu mdogo. Mkubwa ulikuwa wa Elija Feruzi.

Lazima nieleze kanisa letu lilivyokuwa. Lilijengwa na watu waliokombolewa. Babu na bibi zao walikamatwa mbali huko bara, wakapakiwa majahazini wapelekwe kuuzwa ng'ambo, manowari zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa zikayakamata majahazi hayo, na wao wakashushwa hapa Kisauni. Wakapewa viwanja, wakajenga, wakazaa. Wana na wajukuu wao ndio waliokuwa wazee wa kanisa. Sisi wa Rabai na wenzetu Wagiriama na Waduruma tulipokelewa kwa uzuri, sisemi uongo, ila tulikuta viti vya mbele vimekwisha kaliwa.

Kila mwaka walikuwa na siku yao, nasi tukaizoea kuiita Jumapili ya Kuvushwa. Siku hiyo ilisomwa habari ya kuvuka bahari, na wimbo ambao Waisraeli waliuimba walipofika upande wa pili. Msomaji lazima awe mzao wa waliokombolewa. Akimaliza hakukifunga Kitabu. Alitaja jina la mtu wake aliyeshushwa melini, na kanisa zima likaitikia, "Mungu alimvusha." Kisha wengine waliinuka mmoja mmoja, kila mtu na jina lake, na kila jina likaitikiwa vivyo hivyo. Sisi wengine tulikuwa tunasaidia kuitikia.

Elija Feruzi ndiye aliyekuwa msomaji. Alikuwa mwinjilisti mwenzangu, umri wetu mmoja, mjukuu wa yule Feruzi aliyeshushwa akiwa mvulana. Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa nasema kama fundi. Elija hakujua kusoma. Herufi alizijua, lakini kusoma hakujua. Alikula miisho ya maneno, alipumua katikati ya jina la Mungu, na magari ya Farao aliyasoma kama karani anayehesabu magunia. Mimi nilikuwa nimeketi kiti cha tatu nikiumia. Kisha anamaliza, anainua kichwa, anasema, "Feruzi." Hana mbwembwe yoyote. Na wanaume wa bandarini, watu wa kubeba mizigo, wanatoa vitambaa wafute machozi.

Nilimwonea wivu mpaka nikakosa usingizi. Sikumwonea wivu kwa cheo wala kwa mshahara, maana vyote vyetu vilikuwa vidogo sawasawa. Nilimwonea wivu kwa minyororo ya babu yake. Mimi nilikuwa ninaisoma habari ya utumwa na kuokolewa mwaka mzima, kwenye jua la Changamwe, kwa jasho na pumzi ya kujifunza. Yeye alikuwa amezaliwa nayo. Mungu alikuwa ameshuka akawafanyia watu wake jambo la kutajwa kwa jina, na kwetu Rabai, nilivyodhani mimi, alipita tu akatusalimu.

Na Elija alikuwa mtu mwema, jambo lililozidi kunitesa. Ukimwonea wivu mkorofi, unapata nafuu kidogo. Huyu alikuwa akinisifu mbele za watu, akisema Mwalimu Zakaria akisoma hata nzi hutua. Nilikuwa nikimtazama nikitafuta kejeli usoni mwake, nisiione.

Vita vilipopamba moto, mahindi yaliadimika. Watu walipanga mstari tangu asubuhi kungoja kipimo chao, na mshahara wa mwinjilisti haukutosha. Elija akaenda kutafuta kibarua cha kupakua makaa ya mawe bandarini siku za kazi. Vumbi likamkaa kooni. Zilipobaki siku chache kabla ya Jumapili ya Kuvushwa, sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki mnong'ono wa mtu anayepuliza kuni mbichi.

Wazee wakakutana. Mkubwa wao alikuwa Mzee Almasi, mtu mfupi, mpole, ambaye neno lake halikurudiwa. Vijana wa familia zao waliojua kusoma walikuwa jeshini. Waliobaki walikuwa wamefifia macho au hawakuwahi kukaa darasani. Nikaona mlango umefunguka. Nikainuka nikasema kwamba, kwa heshima zao, mimi naweza kusoma.

"Kusoma utasoma, Mwalimu," akasema Mzee Almasi. "Hakuna akupitaye. Lakini ukimaliza, utamtaja nani?"

Nikasema nitamtaja Feruzi kwa niaba ya Elija. Elija alikuwa ameketi pale, shingo imefungwa kitambaa. Akatikisa kichwa. Ikabidi tuiname sote ili tumsikie.

"Babu yangu nitamtaja mwenyewe siku nitakayopata sauti," akanong'ona. "Wewe taja wa kwenu."

Nikamjibu kwamba sisi kwetu hatukukamatwa na mtu. Mzee Almasi akanitazama bila ukali wowote, akasema basi mwaka huo somo litasomwa na kasisi, na majina yatatajwa na watu wakiwa wameketi. Hivyo ndivyo nilivyoikosa nafasi ile, mimi ambaye nilikuwa nimeingoja tangu nilipoanza kazi.

Nikarudi nyumbani nimevimba. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua mahindi aliyoyapata mstarini. Alikuwa amesimama huko tangu asubuhi, na aliyoyapata hayakuufunika ungo, tena nusu yake yalikuwa na wadudu. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kizingiti, nikaanza kulalamika. Nikasema wenzetu wana bahati, wana mtu wa kutaja, na sisi hatuna hata mmoja. Nikasema pengine Mungu ana watu anaowaokoa na watu anaowatazama tu.

Mama akaacha kuchambua.

"Tunaye mtu," akasema.

Nikadhani anazungumza habari nyingine. Akanieleza polepole, macho yake yakiwa kwenye ungo. Alipokuwa mtoto kulikuwa na njaa kubwa Rabai na nchi zote za jirani. Siku zile ilikuwepo desturi ya kuweka rehani mtoto. Baba mwenye shida alimpeleka mtoto kwa mtu wa pwani mwenye ghala, akamwacha huko, akarudi na nafaka. Mvua zikinyesha na watu wakivuna, baba alirudi na nafaka pamoja na nyongeza, akamkomboa mwanawe. Wengi walifanya hivyo, na wako watoto waliorudi. Mama alikuwa na dada yake aliyemtangulia, Kadzo. Kadzo ndiye aliyechaguliwa, kwa sababu alikuwa mkubwa kidogo na angeweza kufanya kazi. Babu akamshika mkono asubuhi moja wakaenda, na alirudi peke yake na kapu la mahindi kichwani.

Mvua zikaja. Babu akavuna, akachagua mahindi mazuri kuliko yote, akaenda kumkomboa. Akaambiwa mtoto hayupo, majahazi yalikuja, na waliokwenda wamekwenda. Akarudi na mahindi yake vilevile. Akayamwaga uani, na hapana mtu wa nyumba ile aliyeokota hata punje. Waliyala kuku.

Nikamwuliza mama kwa nini hakuniambia maisha yote yale.

"Ningekwambia nini, mwanangu? Lile kapu la kwanza tulilila. Mimi nililila. Nilikuwa mdogo, nikalamba na chungu. Ndipo nikaishi, nikakuzaa wewe."

Nitawaambia lililopita moyoni mwangu, mnihukumu mtakavyo. La kwanza lilikuwa furaha. Nilijisemea, sasa ninaye. Furaha hiyo haikukaa. Nilimtazama mama anavyokusanya mahindi kwenye ungo, nikaelewa kwamba mwili wangu wote, pamoja na pumzi niliyokuwa ninajivunia, ulitoka katika kapu lile. Jioni hiyo alipika, nami sikuweza kula.

Kesho yake nikamwomba ruhusa ya kumtaja. Akafikiri sana. Akasema nimtaje, lakini nisidai kwamba alivushwa, kwa sababu hatujui. Nikaenda kwa Mzee Almasi nikamweleza yote. Akaivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Basi soma," akasema.

Siku hiyo nilisoma kama sijawahi kusoma. Milango ilikuwa wazi, upepo unaingia kutoka nyuma yangu. Nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa na Maalim. Maji yalisimama pande mbili, watu wakapita, magurudumu yakakwama matopeni, na ule wimbo wa ng'ambo niliuacha upande taratibu mpaka ukajaa darini. Fundi mwenzangu yeyote angenivulia kofia. Nilipochungulia watu, hakuna aliyetoa kitambaa. Walikuwa wanasikiliza kwa adabu, kama watu wanaomsikiliza mgeni.

Nikaliacha Kitabu wazi. Nikasema, "Kadzo. Dada ya mama yangu. Aliwekwa rehani wakati wa njaa, na baba yake alipokwenda kumkomboa hakumkuta."

Kanisa likavuta pumzi liitikie, na likaishia hapo. Walikuwa na jibu moja tu, na kila mtu alijua kwamba jibu hilo haliwezi kusemwa. Wale walikuwa watu ambao babu zao walivushwa kweli, hawakuwa tayari kulitumia neno lile kwa kumfurahisha mtu. Nikasimama pale, sijui nikae au nisome tena. Ndipo upande wa wanawake mama yangu akainuka. Akajishika kwenye kiti cha mbele yake.

"Bado," akasema, akaketi.

Baada ya hapo watu waliendelea kutaja majina yao na kuitikiana, lakini taratibu zaidi kuliko miaka mingine. Tulipotoka, Elija akanivuta kando ya ukuta. Nilidhani atanisifu kama kawaida yake, nikajiandaa kuudhika.

"Mwalimu, mimi nakuonea wivu," akanong'ona. "Feruzi ni jina alilopewa babu na mtu aliyemnunua. Mamake alimwita vipi, hakulikumbuka. Mama yako ana jina la dada yake. Na wewe ukipanda Rabai kesho, watu watakwambia shamba la babu yako lilianzia wapi likaishia wapi. Mimi nikitaka kwenda kwetu, nishike njia ipi?"

Tulisimama pale mpaka watu wakaisha, kila mmoja anatamani cha mwenzake, na hakuna aliyeweza kumpa mwingine hata kidogo.

Sauti ya Elija ilirudi mvua zilipoanza, na usomaji wake ukarudi nayo. Mwaka uliofuata alisimama mahali pake, akaanza tena kula miisho ya maneno, nami nikarudi kiti cha tatu na maumivu yangu. Tofauti ilikuwa moja. Majina yalipokuwa yakitajwa, mama aliinuka kati ya wazao wa waliokombolewa, na hakuna aliyemzuia. Alikuwa anasema, "Kadzo," watu wanangoja, kisha anajijibu mwenyewe, "Bado." Alifanya hivyo kila mwaka, hata alipohitaji kushikwa mkono ili ainuke.

Mama alifariki vita vikiwa vimekwisha, askari wamerudi na mahindi yamepatikana. Tulimzika Rabai. Jumapili ya Kuvushwa ilipofika, nilijua ni zamu yangu kuinuka. Nilikuwa nimejizoeza nyuma ya nyumba kama zamani, pumzi tumboni, jina moja tu. Elija akasoma, vibaya kama kawaida. Akamtaja Feruzi, wakaitikia. Wengine wakainuka, wakataja, wakaketi. Ikafika zamu yangu, nami nikashindwa. Nilibaki kitini, mimi ambaye nilisikika kivukoni feri ikinguruma.

Elija alikuwa angali amesimama, Kitabu wazi mbele yake. Akanitazama, akaningoja. Alipoona siinuki, akasema mwenyewe, kwa ile sauti yake iliyokwaruzwa na makaa, bila kulipamba kwa lolote, "Kadzo."

Na kanisa zima likaitikia, "Bado."

Nililia pale mbele ya watu, na katikati ya kilio nikamwonea wivu Elija Feruzi kuliko siku zote. Miaka yote ile nilikuwa ninajifunza kusoma, na jina la kwetu amelitaja yeye, tena vizuri kuliko nilivyolitaja mimi.